Mlilaki wa Wifi Tamar

Jumatatu, 4 Februari 1957

Joto. Mto umeshuka mpaka fungu la mchanga limetokeza katikati, na mamba wamelala juu yake kama mashemeji waliokuja kula. Dado anaota jino jingine. Tangu jana analia. Nimembeba, nimembembeleza, nimemwimbia nyimbo zote za kanisani na mbili zisizo za kanisani. Wapi!

Asubuhi wifi Tamar akachungulia. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, na nyumba yake na yangu zimetengwa na ua wa makuti tu. Akasema, lete huyo mtoto. Akamlaza kwenye mkeka chini ya mti wake wa maua. Sijamaliza kujifunga leso, Dado kalala! Mdomo wazi. Anakoroma!

Mwanangu mimi. Niliyemzaa kwa uchungu mpaka nikamtukana mume wangu Wako na ukoo wake wote, na huyu wifi akiwemo.

Mti wenyewe si mkubwa hata. Unanifika kifuani. Uliletwa na mke wa yule Mzungu aliyekuwa akipima maji ya mto. Ulitoka kwenye milima ya baridi, ukiwa kijiti ndani ya chungu. Mlilaki wa mlimani, ndivyo bibi yule alivyouita. Walipohamishwa akamwachia Tamar, aliyekuwa akimfulia nguo. Majani madogo yanang'aa. Maua ya buluu, mashada kwa mashada, hata majani huyaoni. Na unanukia! Asali, na kitu kingine kama nguo ya harusi iliyotoka sandukuni. Upepo ukivuma huku kwangu, hata uji wangu unanukia kwake.

Mimi sina wivu. Naandika tu ilivyo.

Jumanne, 5 Februari

Dado leo kasimama dede! Mikono juu, matako nyuma, anayumba kama mtumbwi usio na mtu. Amesimama wapi? Chini ya mlilaki. Nani alikuwa akimpigia makofi na kuimba "dede, dede"? Tamar. Mimi nilikuwa napepeta mchele.

Jirani yetu Kadii alikuwepo. Kadii ni Mgiriama, mcheshi, mdomo wake hauna mlango. Akasema nijihadhari. Ati bibi yake alikuwa akisema mtoto akianza kutembea, mtu ambaye yeye anamwendea kwanza ndiye atakayempenda kuliko wote mpaka azeeke. Kisha akacheka, akanitazama, akamtazama Tamar, akasema, "Haya Mama Dado, miguu hiyo inakaribia!" Akaenda zake kupika, ameniachia moto kifuani.

Hapana. Hatua za kwanza ni zangu. Mtoto anafuata harufu, basi nami nitakuwa na mti.

Nimemwomba Tamar tawi, kwa adabu. Akasema nitapata, lakini nisiupande mtoni. Huu mti hautaki maji. Hautaki tope la mto wala samadi. Wataka mchanga, mawe, na kusahauliwa. "Umwagilie kama unavyomkumbuka mama mkwe wako," akasema. "Mara moja moja, tena kidogo."

Nimecheka kwa heshima. Mti usiotaka maji! Sisi watu wa Tana, tunaopanda mpunga, ndizi na miembe kwenye tope la mafuriko, tuambiwe hivyo? Ananificha siri, huyu. Anataka wangu ufe.

Alhamisi, 7 Februari

Ushindi! Tamar alikwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Nikaruka ua. Nikakata tawi nene kama mkono wangu, lenye maua. Leso ikakwama kwenye makuti ikapasuka, lakini vita ni vita.

Nimelipanda shambani kwetu mtoni, kati ya migomba, pale tope lilipo jeusi na laini kama halua. Mahali pazuri kuliko pote. Nimetia samadi kutoka boma la ng'ombe la Waorma. Nimemwagia maji debe zima, kisha nikaongeza, maana ni mgeni na mgeni hunyweshwa.

Wako kauliza natoka wapi na matope mpaka magotini. Nikasema nilikuwa nikitazama viwavi. Akasema mke mwema. Maskini Wako. Siku nzima anavuta kamba ya pantoni, malori yanavuka, hajui kwake kuna nini.

Jumatatu, 11 Februari

Tawi limekufa. Jeusi. Laini kama ndizi iliyosahauliwa sufuriani. Linanuka, tena si asali.

Nililitia maji asubuhi na jioni! Ni jicho la Tamar hili. Hakika alilitazama. Ingawa shamba letu hafiki. Lakini jicho halihitaji miguu.

Dado amesimama dede tena. Kwa Tamar.

Jumatano, 13 Februari

Naandika kwa jicho moja. La pili limevimba, halifunguki.

Wazo lilikuwa zuri. Nilisema, kama mtoto anapenda harufu, basi niwe harufu mimi mwenyewe. Tamar alikuwa jikoni. Nikachuma mashada, nikayatia kwenye nywele, nikajifunga mengine kifuani kama kikuba cha bi harusi. Nikakaa uani kwangu. Nikaita, "Dado! Mama yuko hapa!"

Akaja! Alitambaa mbio mpaka kwangu, akaweka uso kifuani pangu, akavuta pumzi, akacheka na meno yake yote manne. Moyo wangu ulijaa, nikataka kulia. Nikamsimamisha dede nirudi nyuma kidogo, nimwite atembee. Nikarudi. Nikanyoosha mikono.

Nyuki.

Mizinga ya Wako iko juu ya mkwaju, hapo karibu tu. Nyuki hawa wamezoea maua ya mlilaki. Leo wakaukuta mlilaki unatembea. Nilimsukumia mtoto Kadii, aliyekuwa akichungulia uani, nikakimbia. Kadii akapiga kelele, "Mama Dado, tupa maua! Umekuwa mzinga, mwanamke!" Sikutupa. Nilichuma kwa shida yale!

Nikashuka mpaka kivukoni. Pantoni ndiyo ilikuwa inaondoka, lori juu yake, wanaume wanavuta kamba na kuimba. Nikaruka ndani. Nyuki nao wakaingia. Wimbo ukakatika. Kila mtu akaachia kamba. Wengine waliingia chini ya lori, dereva akafunga vioo, na msimamizi wa kivuko akarukia mtoni na kofia yake. Pantoni ikajiendea yenyewe kuteremka na mto mpaka ikakwama kwenye lile fungu la mchanga. Mamba wakatupisha.

Wako alinitazama, kavimba mdomo. Akaniuliza maua haya ni ya nini. Nikasema ya ibada.

Nilipofika nyumbani Dado aliniona sura, akapiga ukelele, akajificha kwenye shingo ya Tamar. Tamar akanipaka kitunguu usoni polepole, bila kucheka. Bora angecheka.

Jumamosi, 16 Februari

Mambo makubwa! Nilikuwa nafua ile leso ya siku ya nyuki, maua yamegandia. Nikaisugua. Povu! Povu jeupe kama la sabuni ya dukani, tena linanukia. Nikadhani ni uchawi. Nikasugua tena. Povu zaidi. Nikadhani ni baraka.

Nikamwogesha Dado kwa maua. Alicheka mpaka akapata kwikwi. Alipiga maji kwa viganja, akajipaka povu puani, akanipaka na mimi. Tukakaa uani wawili tu, mimi na mwanangu, tunanukia kama watu wa mjini. Kadii akapita akauliza nani anaoa.

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu. Nimeshinda, nikasema. Sasa harufu iko kwangu.

Jioni Dado alitoroka. Nikamtafuta. Yuko chini ya mlilaki kwa Tamar, anachuma maua kwa mikono miwili, anayarundika, ananionyesha kwa kidole. Anataka povu tena. Nimemfundisha njia mimi mwenyewe!

Jumatatu, 18 Februari

Nimewaza wakati wa kutwanga. Kazi ya kinu inasafisha akili.

Kumbe wifi alisema kweli kuhusu maji. Tawi langu nililiua mimi, kwa maji. Siri haikuwepo. Vizuri. Ukweli nao una matumizi yake.

Asubuhi nimepeleka debe la maji kwa Tamar. Nikamwaga lote kwenye shina la mlilaki. Nikasema, "Wifi, nimekuletea maji ya mti, jua limekuwa kali." Nikangoja akataze.

Hakukataza. Alisimama na mwiko mkononi, akanitazama muda. Akasema kwa sauti ya chini, "Ahsante, wifi yangu." Kisha akaingia ndani haraka.

Hakushuku kitu! Nitapeleka kila siku. Mti ukifa, Dado atarudi nyumbani kabla hajajua kutembea. Dawa ya moto ni maji.

Jumamosi, 23 Februari

Shingo inauma. Kutoka mtoni mpaka hapa ni kupanda tu, na debe ni debe. Dado simchukui, mtoni kuna mamba, na siwezi kumbeba mtoto na debe pamoja. Kwa hiyo namwacha kwa Tamar. Najua, najua. Lakini ni kwa muda tu.

Majani ya chini yameanza kuwa ya njano. Maua yanadondoka. Mungu anisamehe, niliimba njiani.

Jambo moja linanisumbua. Tamar ameanza kunipa vitu. Juzi uji wa maziwa. Jana kambare wa kukaushwa, mnono. Leo ameona nashika shingo, akanikalisha kwenye kigoda akanikanda kwa mafuta ya simsim, huku akinieleza jinsi Wako alivyokuwa mtoto, alivyokula udongo na kuogopa jogoo. Nilicheka mpaka nikasahau kuwa ni adui. Mtu unayemharibia mti wake si vizuri akupe kambare. Inachanganya.

Nimemla lakini.

Jumanne, 26 Februari

Siwezi kuandika vizuri.

Nilikuwa mtoni. Nimejaza debe, nimeliinua, napanda. Nikasikia kelele za Kadii juu huko, vigelegele. Moyo ukajua kabla ya mimi. Nikatupa debe. Likabiringika mpaka mtoni, na mto umekwenda nalo, debe jipya.

Dado ametembea.

Ametembea, mimi sipo! Niko mtoni nateka maji ya kuua mti ili asitembee pasipo mimi!

Nikauliza, amemwendea nani? Nilikuwa nahema kama ng'ombe. Kadii akasema hakuona mwanzo, alikuwa amefunua chungu, alipoinua macho mtoto yuko chini amekaa. Tamar alikuwa amempakata. Akasema, "Alikufuata wewe, wifi. Alikuona unashuka na debe. Akainuka, akaachia mti, akaifuata njia ya mtoni. Akaanguka pale." Akanionyesha mahali, mchangani. Alama ya matako ipo.

Sikumwamini. Ataacha vipi kusema hivyo? Mtu aliyeshinda huwa mpole. Nikamwambia asinihurumie. Nikamwambia mtoto si kuku kwamba kila anayetupa punje ndiye mwenye kuku. Nikamchukua Dado, nikaingia ndani, nikafunga mlango mchana kweupe.

Dado alilia akiuelekea mlango. Na mimi pia.

Jumatano, 27 Februari

Wako hakwenda kivukoni mapema. Akaniambia nikae. Wako haniambii nikae, kwa kawaida hunikuta nimeshakaa.

Akasema dada yake alimjia wiki iliyopita. Alimwambia mti unakufa kwa maji. Wako akamwuliza mbona hamkatazi Loise, yaani mimi? Tamar akasema, "Nitamkatazaje? Tangu umuoe hajawahi kuniletea hata kata ya maji. Sasa ananiletea debe kila siku, kwa kichwa chake. Mti ni mti. Uache ufe."

Wako akavaa kofia akatoka.

Nilikaa. Kisha nikachukua jembe.

Nilichimba mfereji kutoka shinani mpaka kwenye mteremko, kama tunavyochimba wa kutolea maji kwenye mpunga. Kazi hiyo naijua tangu utoto. Maji machafu yakaanza kujikokota nje. Nikazoa tope kwa mikono. Nikaenda kuzoa mchanga mkavu na changarawe karibu na barabara ya kivukoni, karai baada ya karai. Dado mgongoni, amenishika masikio.

Tamar akatoka. Akauliza nafanya nini. Nikasema, "Maji yalizidi."

Akasema, "Yalizidi, ndiyo."

Akaingia, akatoka na jembe lake. Tulichimba mpaka adhuhuri. Kuna wakati Dado alishuka mgongoni, akasimama, akatembea kutoka kwangu kwenda kwake, akageuka, akatembea kutoka kwake kuja kwangu, kama pantoni. Tukaacha majembe. Nilimpigia makofi na tope lote mikononi.

Naamini sasa. Alinifuata mimi. Mtu anayeuacha mti wake ufe hawezi kukuibia hatua.

Jumapili, 17 Machi

Sijaandika siku nyingi. Kazi, na Dado hakamatiki. Anatembea kama mtu aliyetoka kunywa mnazi, lakini anatembea.

Mlilaki umepona nusu. Upande wa jua umekauka, tumeukata tukapikia. Upande wa pili umetoa mashada mapya. Nimemweleza Tamar kwamba kwa haki nusu iliyopona ni yangu, maana mimi ndiye niliyeiokoa. Na nusu iliyokufa? akauliza. Nikasema hiyo ilikuwa yake. Akacheka mpaka akashika ua.

Amani. Dado huja kwangu, huenda kwake. Kwangu zaidi kidogo, lakini sihesabu. Nimejifunza mengi katika siku hizi. Wivu ni ugonjwa, namshukuru Mungu nimepona.

Isipokuwa Kadii.

Alhamisi Kadii alitoka kijiji cha Ngao na bata jike, na vifaranga vya njano nyuma yake, wanapiga kelele kama kwaya isiyo na mwalimu. Tangu siku hiyo mtoto hatuna. Anaamka, hatazami uji, hatazami mlilaki, anapita katikati yetu mimi na shangazi yake kana kwamba sisi ni nguzo za ua, moja kwa moja mpaka kwa Kadii. Analala huko huko, matopeni, mkono juu ya bata. Leo, baada ya ibada, nilikwenda kumchukua. Akanipiga teke! Na Kadii, huyu Kadii wa bibi yake na hatua za kwanza, amesimama na kibuyu akaniuliza kwa upole, "Mama Dado, nimpe uji, au kwenu mmeshapika?"

Kwenu!

Nimerudi. Tamar alikuwa amekaa chini ya mlilaki, mkeka mtupu mbele yake. Nikakaa kando kwenye kigoda. Upepo ukaleta sauti ya Dado, anacheka kule.

Mwishowe Tamar akasema, kama mtu anayeongea na majani, kwamba yule bibi wa Mzungu alifuga bata. Na kwamba bata akifunguliwa asubuhi na akionyeshwa pumba kidogo kidogo, hufuata popote. Hata mpaka kijiji kingine.

Nikasogeza kigoda.

Nikamwambia mimi sina wivu. Akasema naye hana, ni hivi tu anazungumza. Nikamwuliza pumba zipo. Akasema zipo, debe nusu.

Tunaanza kesho asubuhi, Kadii akishashuka mtoni.